Shingo ya Baiskeli ya Mkunga

4 Machi

Mume wangu Taratibu,

Mvua imeanza leo, saa nne asubuhi, kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kufunguliwa. Nimesogeza ndoo chini ya lile bati linalovuja, pale uliposema utapaziba wiki ijayo. Wiki ijayo imeshafika mara nyingi.

Ninaandika kwa sababu nyumba haina wa kumwambia kitu. Juzi nililiambia birika, "Subiri, nakuja," halafu nikajisikia mwenyewe. Nikaona heri niandike, maana anayeandika haonekani kichaa. Shule yangu unaijua, niliishia ya msingi, kwa hiyo ukikuta makosa yapishe tu, kama ulivyoyapisha mengine.

Leo wiki ya sita tangu tukuzike. Nduguyo alikuja. Alisimama mlangoni mwa karakana, viatu vikichuruzika maji. Nilimpa kigoda chako, akakataa, akasema amezoea kusimama. Akazungusha macho kwenye ubao wa zana, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma tangazo.

"Shemeji," akasema, "chumba hiki tuliachiwa na baba, mimi na marehemu. Hakiwezi kukaa hivi hivi, kimejaa vyuma visivyo na mwenyewe."

"Mwenyewe nipo."

"Wewe ulikuwa unashika tu, shemeji. Usinielewe vibaya. Mke wangu ameshakuandalia chumba cha nyuma pale kwetu. Utakaa na watu, utakula na watu. Zana atazichukua fundi mwingine, na chumba kipate mtu wa kukitumia."

Nikamwambia kuna baiskeli ya mkunga. Fremu yake ya zamani ilipasuka shingoni, pale foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inapopita, lakini foki yenyewe ni nzima, kwa hiyo ulimletea fremu mpya na ukamwahidi kuihamishia foki ile na vikombe vipya vya gololi. Fremu inaning'inia kwenye msumari tangu kabla hujalazwa. Ina karatasi yake bado.

"Nani ataifunga?" akauliza.

"Mimi."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akatazama mvua, akasema, "Basi mpaka masika yaishe. Ukiimaliza na ikatembea, sitakitaja tena chumba hiki. Isipotembea, utafunga mizigo tuondoke. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Alipoondoka nikaenda kuutazama ubao na mimi. Unakumbuka ulivyochora kila zana kivuli chake kwa rangi nyeusi, ili kisichopo kijulikane? Tupa ya pembe tatu haipo. Kivuli kipo, yenyewe haipo. Siku ya mazishi watu wengi waliingia humu kujikinga jua, lakini sijui mwingine mwenye hamu na zana zako isipokuwa mmoja.

5 Machi

Mvua. Sikufanya kitu.

9 Machi

Leo nimeitoa foki kwenye fremu iliyopasuka. Nimeifanya peke yangu na imenichukua asubuhi nzima.

Shida ni nati mbili za juu. Ya chini hushikiliwa kwa spana nyembamba isizunguke, ya juu hufunguliwa kwa spana kubwa. Mikono minne. Miaka ishirini na sita mimi nilikaa kwenye sanduku langu, nimeinama, nimeshika ya chini, na wewe umesimama unakaza ya juu au unalegeza. Kila mara ulikuwa unauliza, "Umeshika?" Nami, "Nimeshika." Hata mara mbili kwa dakika moja. Mama Cherehani wa ng'ambo ya barabara alituiga siku moja mbele ya wateja wake, sauti nene na sauti nyembamba, mpaka wakaangusha vitambaa kwa kicheko.

Leo nimebana spana nyembamba kwa goti, nikavuta kubwa kwa mikono miwili. Ilichomoka ikanipiga kifundo. Nikasema, "Nimeshika," bila kuulizwa.

Nduguyo hakukosea. Kazi hii naijua nusu. Najua kushika, kuosha gololi kwa mafuta ya taa, kupaka grisi. Nusu nyingine ilikuwa mikononi mwako, na mimi nilikuwa naitazama kila siku bila kuiona, kama mtu anavyotazama ukuta wa nyumba yake.

12 Machi

Mama Cherehani amekuja na uji kwenye chupa. Amenikuta nimekumbatia fremu nikijaribu kuisimamisha.

"Mama Spana," akasema, "mwenzio hajamaliza miezi miwili, umeshapata mwingine?"

"Huyu ana shingo ndefu tu. Hana maneno."

"Basi mwoe. Asiye na maneno ni nadra."

Akacheka, nami nikacheka, kisha akanitazama usoni akaacha. Alikaa mpaka uji ukaisha, akarudi kazini kwake. Kutoka hapa ninausikia mguu wake kwenye cherehani. Zamani sikuwa nikiusikia.

17 Machi

Vikombe viwili vinaingia shingoni mwa fremu, kimoja juu kimoja chini. Ndimo gololi hukaa. Lazima viingie kwa nguvu na viingie sawasawa. Kikiingia kimeinama, usukani hautapona maisha yake yote.

Wewe hukuwa mtu wa kuvigonga kwa nyundo. Ulikuwa na ile bolti ndefu yenye wosha nene mbili: unaipitisha shingoni, wosha moja inasukuma kikombe cha juu, nyingine cha chini, unakaza nati, vinaingia polepole kwa pamoja. Mimi nilikuwa nashika fremu na kukwambia kama upande mmoja umetangulia.

Leo hapakuwa na wa kuniambia. Nilikaza robo, nikaweka spana chini, nikachuchumaa kutazama, nikasimama, nikakaza robo tena. Kikombe cha chini kikaanza kuinama upande wa kushoto. Zamani ningekwambia "Kushoto," ungelegeza. Nikajiambia mwenyewe, "Kushoto," nikalegeza. Nikakitoa, nikafuta, nikaanza upya.

Mara ya tatu kikaingia. Nimepitisha ukucha pale kikombe kinapokutana na fremu, mzunguko mzima, na ukucha haukuingia popote.

Nilitaka kumwonyesha mtu.

18 Machi

Mikono inauma. Mvua.

24 Machi

Mkunga amepita, kwa miguu, sketi imeloa tope mpaka magotini. Aliweka mkoba wake mkavu juu ya meza kwanza, ndipo akajikung'uta mwenyewe.

"Haya, mama, mgonjwa wangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaishika fremu shingoni kama anavyoshika tumbo la mtu.

"Mimi huwapokea wanaokuja kwa wakati wao," akasema. "Huyu wako amepitiliza."

"Amekaa vibaya."

"Basi tutamgeuza. Hatutamtoa kwa pupa." Kisha akasema taratibu, bila utani, "Juzi nilifika nikakuta mtoto ameshanitangulia. Mama mtu alikuwa peke yake na binti yake wa miaka tisa. Wote wazima, nashukuru. Lakini nilikimbia njia nzima, na miaka yangu si ya kukimbia."

Nikamwuliza kama angependa kuipeleka kwa fundi wa sokoni. Nilimwuliza kwa dhati, Taratibu. Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kufunga mizigo.

Akasema, "Yule wa sokoni hugonga kila kitu. Mumeo aliniambia baiskeli ikitengenezwa kwa kugongwa, nayo itakugonga. Nitasubiri. Lakini usinisubirishe kwa kuogopa, nisubirishe kwa kufanya kazi."

Akachukua mkoba wake akaondoka.

29 Machi

Gololi. Hii ni nusu yangu, nimeifanya bila kutetemeka.

Nimejaza grisi kwenye vikombe, nikapanga gololi moja moja kwa ncha ya kidole. Nilipojaza mzunguko nikaondoa moja, kama ulivyonifundisha wiki ya kwanza ya ndoa yetu, wakati sijui hata jina la kitu. Mimi nilitaka zijae zote, zionekane nzuri kama shanga. Ukasema zikibanana zitasuguana na kukwama, lazima ibaki nafasi ya moja ndipo zizunguke. Nikakuuliza ile iliyobaki tunaifanyia nini. Ukanipa mkononi. Nilikuwa nayo kwenye kikasha cha sindano miaka mingi, sijui ilipotelea wapi.

31 Machi

Nduguyo alipita tena. Alisimama mlangoni, akatazama ubao. "Inaendeleaje?" Nikamwambia inaendelea. "Unakula?" Nikamwambia nakula. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema la tatu, akaufunga. Nilihakikisha nasimama mbele ya ubao ili asichukue kitu kingine.

2 Aprili

Nimeingiza foki kwenye shingo ya fremu mpya. Imepita vizuri, imekalia gololi za chini kama inayorudi kwao. Nikafunga nati ya chini, ile yenye umbo la kikombe inayofunika gololi za juu, nikaweka ile wosha yenye ulimi, nikafunga nati ya juu. Ikazunguka, ikazunguka, ikagota. Nikafurahi.

Kisha nikatia gurudumu, nikalitikisa. Linagonga. Ndani ya shingo kuna kitu kinacheza.

Nimeangalia saa nzima ndipo nikaelewa. Shingo ya fremu mpya ni fupi kuliko ya zamani. Foki imezidi juu, kwa hiyo nati inagota kwenye kichwa cha foki kabla haijabana kilicho chini yake. Inaonekana imekaza kumbe haijashika kitu.

Foki lazima ikatwe. Ulijua, maana nimekuta alama yako ya penseli pale juu kwenye nyuzi, ile mifereji inayoshika nati, kijistari kidogo. Nimekiwekea kidole. Hiki ni kitu cha mwisho ulichokiandika.

3 Aprili

Sikukata.

5 Aprili

Sikukata. Mvua kubwa, ndoo imejaa mara tatu.

8 Aprili

Nimeipima tena. Alama yako ni sahihi. Sikukata.

Foki ukiikata fupi huwezi kuirefusha. Nami nikikata, kijistari kile kinakwenda.

14 Aprili

Mama Cherehani amesema mawingu ya upande wa mlima yameanza kupungua. Hajui kwamba amenipa siku ya kuhama.

Leo nimekata. Nilibana foki kwenye jiriwa, nimeizungushia kitambaa isichubuke. Nilizungusha kipande cha karatasi kwenye chuma, ncha zikakutana, nikapata mstari ulionyooka pande zote. Hilo nililiona kwako. Kisha msumeno wa chuma, polepole, ukiulizia njia. Kipande kikaanguka sakafuni, pete ndogo yenye nyuzi, na kijistari chako juu yake. Nimekiweka mfukoni.

Nikachukua nati nikaiweka juu ya foki kuifunga. Haikuingia. Nikaigeuza. Haikuingia. Nikaizungusha kinyume kidogo ili itafute mlango, kisha mbele. Ilishika nikasema alhamdulillahi, kumbe imeshika kombo. Nikalazimisha. Nilisikia ile sauti, Taratibu, sauti ya chuma kinachokwaruzwa, ambayo ulipoisikia kwa mafundi wengine ulikuwa unafumba macho.

Nimeitoa. Nyuzi za mwanzo zimelala, zimechongoka kama meno ya mzee. Msumeno umezifunga mlango, nami nimeuvunja.

Nilikaa kwenye sanduku langu mpaka uji wa Mama Cherehani ukapoa mezani.

15 Aprili

Hakuna.

16 Aprili

Nimekumbuka asubuhi, nikifua.

Kila ulipokuwa unataka kukata foki, kabla ya kushika msumeno ulinipa nati. "Ifunge humo mpaka chini," ulikuwa unasema. Ninaifunga, unakata, kisha unasema, "Haya, ifungue." Ninaifungua polepole, nayo inatoka juu pale ulipokata. Ulikuwa unaisifu kazi ile. "Umeona? Bila wewe ningefanyaje?" Nami nilikuwa nakuonea huruma. Nilidhani unanitafutia kitu cha kufanya nisijione sina maana, kama mtu anavyompa mtoto donge la unga jikoni. Sikuwahi kukwambia. Niliacha tu uamini kwamba naamini.

Kumbe nati ile, ikitoka, inazinyoosha nyuzi zilizolazwa na msumeno. Inaufungua mlango kutoka ndani. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kukata yeyote angekata.

Nimesimama uani na shati lako mikononi, povu likishuka mpaka viwikoni. Nilikuwa na nusu ya kazi kweli kweli, na sikuijua.

Lakini kujua hakunyooshi chuma. Zilizolala huinuliwa kwa tupa ya pembe tatu, unapitisha ncha yake kwenye kila mfereji, mmoja mmoja. Na tupa yenyewe ni ile isiyo kwenye ubao.

Nikavaa koti lako la mvua nikaenda kwa nduguyo. Ni mwendo wa dakika arobaini ukivuka daraja. Njia nzima nilipanga maneno makali. Nilimpa kila jina ambalo hujawahi kulisikia kinywani mwangu.

Mkewe alinifungulia, akanivua koti, akaniketisha. Nduguyo alikuwa anasoma, akavua miwani.

"Shemeji, kwenye mvua hii? Kuna nini?"

"Nimekuja kuazima tupa," nikasema.

"Tupa gani?"

"Ya pembe tatu."

Macho yake yalijibu kabla ya mdomo. Yalikwenda kwenye rafu, chini ya saa ya ukutani. Pale palikuwa na leso nyeupe iliyokunjwa, na kwenye leso mpini wa mti umejitokeza. Niliujua. Una ile alama ya meno yako, kwa sababu mikono ikijaa ulikuwa unaitia mdomoni.

Nilisubiri maneno yangu makali. Hayakuja.

"Niliichukua siku ya mazishi," akasema. Mkewe akaondoka taratibu akaenda jikoni. "Nilitaka kukwambia. Kila nikija pale natafuta pa kuanzia, napakosa, naishia kuzungumza habari ya chumba."

"Ungeniomba ningekupa."

"Najua. Hilo ndilo lililozidi kunipa aibu. Mtu mzima na mvi zangu, naiba tupa." Akaishusha, akaifungua leso. "Wewe una nyumba nzima yake, shemeji. Kitanda, koti, kila kitu. Mimi sikuwa na chochote. Nikaiona hii alama. Alianza kutia vyuma mdomoni tukiwa wadogo. Baba alikuwa anampiga kofi la kisogoni, 'Utakula fremu wewe.' Akaacha siku mbili, akaanza tena."

Hilo hukuwahi kuniambia. Miaka ishirini na sita, na bado una mapya.

Akasema, "Nikikuona peke yako mle ndani na vile vyuma, silali. Ndiyo maana nilitaka uje huku. Si chumba."

Nikamweleza habari ya nati, na nyuzi zilizolala, na kwamba kazi ile ni ya mikono minne na mimi nina miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa tupa pamoja na leso yake.

Njiani kurudi niliyatafuta yale maneno makali niyatupe mtoni, nikakuta sina hata moja. Kumbe alipokuwa akizungusha macho kwenye ubao hakuwa akizikagua zana. Alikuwa akikitazama kile kivuli kitupu, na mimi nikasimama mbele yake nikamzibia.

17 Aprili

Tupa. Nyuzi ya kwanza.

18 Aprili

Tupa. Mkono wa kulia ulishika tupa, wa kushoto foki, kisha nilihitaji kitambaa. Nikaitia tupa mdomoni bila kufikiri. Meno yangu hayakuingia kwenye alama zako. Mdomo wako ulikuwa mpana.

21 Aprili

Nati imeingia nusu mzunguko, ikakataa. Sikulazimisha. Nikaitoa, nikapiga tupa tena mara tatu pale ilipokataa, nikapangusa.

22 Aprili

Imeingia. Imeshuka mpaka chini kwa vidole viwili, bila spana. Niliipandisha na kuishusha mara kadhaa kwa raha tu.

Mvua ilikuwa ya nusu saa.

27 Aprili

Leo sikuitarajia.

Nilikuwa nimeshaweka kila kitu mahali pake: gololi zimo, foki imo, nati ya chini, wosha, nati ya juu. Imebaki kukaza, na kukaza ndiko kwenyewe. Ukibana sana usukani unakuwa mgumu, ukilegeza shingo inagonga. Lazima ya chini isitikisike kabisa wakati ya juu inakazwa. Nilijaribu kwa goti, nikajaribu kwa kamba niliyofunga mguuni mwa meza. Kila nikikaza ya juu, ya chini inaifuata kama mbuzi.

Nduguyo akatokea mlangoni. Hakukuwa na mvua, kwa hiyo sikumsikia akikung'uta viatu.

"Ulisema mikono minne," akasema.

Nilimsogezea kigoda chako tena. Akakitazama, akakipita, akaenda kukaa kwenye sanduku langu. Magoti yake yalimfika kidevuni. Nikampa spana nyembamba nikamwonyesha pa kuweka.

"Niikaze?"

"Usikaze wala usilegeze. Wewe shika tu."

Nikalisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, lile lile aliloniambia siku ya kwanza. Kisha akasema, "Kumbe 'tu' yenyewe ina uzito hivi," maana spana ilikuwa imeanza kumlemea.

Nikasimama upande wako. Nikaweka spana kubwa kwenye nati ya juu. Sijui ilitoka wapi, sikuikusudia:

"Umeshika?"

Alikuwa ameinama, na nikaona mabega yake yamepanda na kushuka.

"Nimeshika," akasema.

Nikakaza. Na nilipokuwa nakaza nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ukisimama upande wa kukaza, anayeshika umemwinamia. Unamwona utosi. Nilimwona nduguyo utosini, ana kipara kidogo cha mviringo kama chako, na vinyweleo vichache vimesimama pembeni kama vinavyouliza swali.

Unakumbuka mwaka ule uliponiambia, "Una mvi," nikabisha, nikaenda kwenye kioo nisiione? Nilikuuliza umeionea wapi. Ukacheka tu. Ilinichukua wiki mbili kuipata, kwa vioo viwili, katikati ya utosi. Nilidhani ulikuwa unanitazama nikiwa nimelala.

Kumbe ulikuwa unaniona kazini. Mimi nilikuwa naona mikono yako na nati, siku zote nati, nikidhani wewe nawe unatazama nati.

Tulikaza, tukapima, tukalegeza, tukakaza tena mara nne. Nikanyanyua fremu nikainamisha foki kushoto, ikaenda yenyewe mpaka mwisho. Kulia, ikaenda. Nikafunga gurudumu, nikaweka breki, nikasukuma mbele na nyuma, naye ameweka vidole shingoni kama ulivyokuwa unaniwekesha mimi.

"Kunagonga?"

"Hakugongi."

"Hakika?"

"Shemeji, hakugongi. Hata ukiuliza kesho."

Nikamrudishia tupa, ndani ya leso yake, nimeifua. Akasema mahali pake ni ubaoni. Nikamwambia aondoke nayo. Nikiihitaji, njia ya daraja naijua.

Alipokuwa anavaa kofia nikamwuliza, "Na habari ya chumba?"

"Chumba gani?" akasema, akatoka.

3 Mei

Mkunga amekuja kuchukua baiskeli yake. Jua limewaka tangu asubuhi, ndoo nimeiweka nje ikauke. Aliushika usukani, akaugeuza kushoto na kulia kwa kidole kimoja, akanitazama.

"Mzima?"

"Mzima."

"Analia?"

"Halii hata kidogo."

Akafunga mkoba nyuma, akapanda. Mama Cherehani alitoka na mkasi mkononi kumtazama. Mkunga alipofika pale kwenye mashimo ya mvua nilijikuta nimekunja vidole kama nimeshika spana. Akapita shimo la kwanza, la pili. Hakukuwa na mlio. Kwenye kona akaondoa mkono mmoja kwenye usukani, akatupungia bila kugeuka.

"Mama Spana," Mama Cherehani akasema, "cherehani yangu nayo inagonga. Unapokea?"

"Ilete kesho."

Kisha akarudi kwake, nami nikarudi kwangu. Karakana ni kimya. Ule msumari hauna kitu. Nilikaa kwenye kigoda chako kwa mara ya kwanza, nikalitazama sanduku langu kutoka upande ule. Ni dogo. Limelika katikati. Nduguyo amesema atapita siku za Jumamosi, kukiwa na kazi ya kushika. Siku nyingine sita nitazimudu kwa goti na kamba.

Pete ile ya chuma yenye kijistari chako nimeiweka kwenye kikasha cha sindano, mahali pa ile gololi.

Daftari limebakiza ukurasa huu tu, na masika yameisha. Sina kubwa la kuomba, Taratibu. Huko uliko, kama kuna kukumbukana, nikumbuke nikiwa pale kwenye sanduku, nimeinama, utosi umekuelekea.